Uso wa jiwe liitwalo Bennu



Juma hili tutazungumza juu ya picha. Si picha za arusi wala za komunyo ya kwanza, ambazo kila nyumba huzitundika ukutani, bali ni picha za jiwe moja lizungukalo jua peke yake katika anga, jiwe ambalo hakuna mguu wa mwanadamu uliolikanyaga. Jina lake ni Bennu. Upana wake wapata meta 490. Hata nusu kilometa halifiki. Lingewekwa kando ya mji wa Bukavu, watu wangeliita kilima tu, wala wasingelishangaa sana. Walakini chombo cha Wamarekani kilikaa karibu nalo tangu Desemba 2018 hata Mei 2021, kikilitazama kila upande, asubuhi yake na jioni yake, mpaka kikalichorea ramani ya uso mzima iliyo ya kinaganaga kuliko zote zilizopata kuchorwa za viumbe vya mbinguni hadi wakati ule.

Na picha hizo, zilipofika, ziliwatia hofu wale wale waliokuwa wakizingojea. Ndiyo habari nitakayowasimulia.

Kwanza tujue ni kitu cha namna gani. Mnazijua sayari kubwa: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na wenzao. Kati ya Mirihi na Mshtarii pana nafasi kubwa, na humo yazunguka mawe yasiyo na idadi, makubwa kwa madogo, mabaki ya zamani zile sayari zilipokuwa zikiundwa. La kwanza liligunduliwa na Padri Giuseppe Piazzi, aliyekuwa akiangalia nyota huko Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, usiku wa tarehe 1 Januari 1801. Akaliita Ceres. Siku hizi yaliyokwisha andikwa katika daftari za wataalamu yamepita milioni moja. Mengine yametoka katika njia zao za asili, yakaja kupita karibu na dunia yetu. Na Bennu ni mojawapo.

Mawe haya yaliitwa asteroidi, maana yake vitu vinavyofanana na nyota. Jina lenyewe latuonyesha jinsi macho ya watu yalivyokuwa yameshindwa. Hata kwa darubini nzuri, kitu kilichoonekana kilikuwa ni nukta ya nuru tu, kama nyota. Nukta haina uso, haina bonde wala mwamba. Kwa muda wa miaka 190 hivi hali ilikuwa ni hiyo. Hapo tarehe 29 Oktoba 1991, chombo Galileo kilichokuwa njiani kwenda kwa Mshtarii kilipita karibu na asteroidi Gaspra, kikaipiga picha. Mwaka 1993 kikapita penye nyingine, Ida, na watu wakastaajabu kuona kuwa jiwe lile lina mwezi wake mdogo! Kisha chombo NEAR Shoemaker kiliizunguka asteroidi Eros mwaka mzima, na tarehe 12 Februari 2001 mabwana zake wakaamua kukishusha polepole juu yake, ingawa hakikuundwa kwa ajili ya kutua, wala hakikuwa na miguu. Kilishuka kikipiga picha. Ile ya mwisho ilipigwa penye urefu wa meta 120 hivi juu ya ardhi ya Eros, ikaonyesha kiwanja cha upana wa meta 6 tu: changarawe, mawe, na mwamba mmoja uliokatwa na ukingo wa picha. Nao Wajapani mwaka 2005 wakafikisha chombo Hayabusa kwenye asteroidi ndogo, Itokawa, wakakuta kwamba si jiwe moja, bali ni rundo la mawe yaliyokusanyika.

Basi, Wamarekani walipochagua kwenda Bennu, hawakwenda kama vipofu. Lakini angalieni jinsi walivyodanganyika.

Bennu iligunduliwa mwaka 1999. Jina hilo ilipewa mwaka 2013 baada ya watoto wa shule kualikwa kupendekeza. Aliyeshinda alikuwa mtoto wa miaka 9, aliyeona kwamba chombo kilichokusudiwa kwenda huko, pamoja na mkono wake mrefu na mabawa yake ya kupokea jua, chafanana na Bennu, yule ndege wa Wamisri wa kale aliye mfano wa korongo. (Tangu hapo mahali pengi juu ya jiwe lile pamepewa majina ya ndege. Jiwe kubwa kuliko yote laitwa Roc, ndiye Rukhu wa hadithi za Sindbad, ambaye wazee wa pwani humjua vizuri.) Kabla ya chombo kuondoka, jiwe lilikuwa limepimwa kutoka duniani kwa mawimbi ya redio. Umbo lake likajulikana: kama pia ya watoto, nene kiunoni, imechongoka juu na chini. Hapo hawakukosea hata kidogo.

Tena walipima joto lake. Kila mwanamke apikaye kwa mafiga anaelewa maneno haya: moto ukiisha kuzimwa, majivu na mchanga hupoa upesi, lakini figa lenyewe hubaki na joto hata usiku. Vivyo hivyo wataalamu, wakitazama kutoka mbali jinsi upande wa usiku wa asteroidi unavyopoa, huweza kukisia kama uso wake ni mchanga au miamba. Bennu ilionekana kupoa upesi. Wakasema: ardhi yake ni changarawe laini, vipande vya santimeta moja moja. Wakaunda chombo kwa kufuata neno hilo. Mkono wake wa kuchotea ulikuwa na kinywa cha kupokea vipande visivyozidi santimeta 2 hivi. Na mahali pa kugusia palikadiriwa kuwa uwanja ulio tambarare wenye upana wa meta 50. Chombo kikapewa jina refu, OSIRIS-REx, kikaondoka Cape Canaveral tarehe 8 Septemba 2016. Kiongozi wa kazi alikuwa Profesa Dante Lauretta wa Chuo Kikuu cha Arizona, aliyeipokea baada ya mwalimu wake Michael Drake kufariki mwaka 2011.

Chombo kikafika tarehe 3 Desemba 2018. Picha zikaja. Mchanga uko wapi? Hakuna. Changarawe iko wapi? Haionekani. Mawe juu ya mawe! Miamba zaidi ya 200 iliyopita upana wa meta 10, na Rukhu mwenyewe akapata karibu meta 95. Ndugu zetu wa Goma, waliojenga nyumba zao juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na Nyiragongo, wangeona nchi waliyoizoea, lakini bila hata kiwanja kimoja kilichosawazishwa. Uwanja wa meta 50 usio na mwamba haukuwako popote.

Kosa lilitoka wapi? Si katika kupima. Vipimo vya joto vilikuwa sahihi. Lilikuwa katika kufasiri. Mawe mengi ya Bennu ni mepesi, yamejaa vitundu vidogo ndani, kama tofali lisiloiva vizuri au kama lile jiwe la volkano lielealo majini. Jiwe la namna hiyo halishiki joto, bali hupoa upesi kama mchanga. Mpimaji aliye mbali hawezi kutofautisha. Aliye karibu, mwenye picha, aona mara moja. Nawaambia walimu wenzangu: hapo ndipo pa kusimama na wanafunzi kwa muda, kwa maana hesabu haikukosewa hata tarakimu moja, na jibu halikuwa kweli.

Sasa labda mtauliza, picha zenyewe hupigwaje? Chombo kilikuwa na kamera tatu, mfano wa macho matatu yenye kazi mbalimbali. La kwanza, PolyCam, ni darubini yenye kioo cha upana wa santimeta 20, la kutazamia mbali na kuona vitu vidogo. La pili, MapCam, la kuchora ramani na kutambua rangi. La tatu, SamCam, la kuangalia mkono wakati wa kuchota. Mbali na hizo zilikuwako kamera za kuongozea njia, na hizo tutazikuta tena mbele.

Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu Bennu ni nyeusi mno. Nuru ya jua iipigayo, sehemu 4 tu katika 100 ndizo zirudishwazo. Ni weusi wa mkaa, au makala kama tusemavyo huku kwetu. Mpiga picha wa mjini huogopa kumpiga bwana arusi mwenye suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi. Fikirini basi gunia zima la makala, nalo lazunguka. Maana Bennu hujizungusha mara moja kwa saa 4 na dakika 18 hivi, ndiyo siku yake nzima, mchana na usiku.

Tena kuna jambo la vivuli. Tazameni uwanja wa shule saa sita ya mchana: waonekana sawasawa kabisa. Utazameni tena jioni jua linapotua, na kila kishimo na kila jiwe dogo hutoa kivuli kirefu. Hapo ndipo mjuapo kwa nini watoto hujikwaa. Wachora ramani wa Bennu walitumia saa zote mbili. Jua likiwa juu, walipima weupe na weusi wa mawe; jua likiwa kando, walipima urefu wao kwa vivuli. Wakipiga mahali pamoja mara nyingi, kwa miali ya namna mbalimbali, kompyuta huweza kujenga umbo lenyewe, kilima na bonde. Ramani kubwa ya uso mzima iliunganishwa kwa picha 2,155, zilizopigwa tangu tarehe 7 Machi hata 19 Aprili 2019, chombo kikiwa mbali na jiwe kilometa 3 hadi 5. Kila nukta ya ramani hiyo yafunika santimeta 5 za ardhi. Maana yake ni kwamba mtu aketiye Arizona angeweza kuona jiwe la ukubwa wa tikitimaji juu ya kilima kilichokuwa mbali kilometa milioni nyingi.

Kuona ni jambo moja. Kuhesabu ni jambo jingine. Kompyuta, pamoja na werevu wake wote, ilikuwa ikichanganya jiwe na kivuli chake. Kwa hiyo waliombwa watu wa kawaida, wasio wataalamu, wajitolee kukaa mbele ya picha na kutia alama kila jiwe, moja moja. Maelfu wakakubali. Mimi nawastahi watu hao zaidi ya wengi waliopata sifa katika habari hii.

Msaidizi mmoja alikuwa mtu msiyemtazamia. Wapenzi wa muziki wamjua Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen la Uingereza. Wachache wajua kwamba yeye pia ana shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. Pamoja na mwenzake Claudia Manzoni alichagua picha mbili mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka pembe zilizoachana kidogo, akazipanga ili jicho la kulia lione moja na la kushoto lione nyingine. Ndivyo tunavyoona kina cha vitu kila siku: funikeni jicho moja, mjaribu kutia uzi katika tundu la sindano! Kwa picha hizo wenye kuchagua mahali pa kutua waliweza kuona mteremko na mwinuko kama wamesimama pale pale.

Kabla ya kufika kwenye uchaguzi huo, sharti niseme juu ya tarehe 6 Januari 2019. Chombo kilikuwa kimeanza kuizunguka Bennu siku chache tu, tangu 31 Desemba, na halijapata kuwako jiwe dogo namna hiyo lililozungukwa na chombo. Mvutano wake ni hafifu mno. Mtu akiruka juu yake kama arukavyo uwanjani, hatarudi tena. Basi, katika picha moja ya kamera ya njia, mtaalamu mmoja akaona kando ya jiwe nukta nyingi za nuru. Kwanza akadhani ni kundi la nyota. Alipotafuta katika ramani ya nyota, mahali pale hapakuwa na kundi lolote. Zilikuwa changarawe! Bennu ilikuwa ikirusha vijiwe vyake angani, vipande karibu 200 kwa mara moja, vingi vikiwa chini ya santimeta 10. Vingine vilirudi vikaanguka, vingine vikazunguka siku kadhaa, vingine vikaenda zao moja kwa moja.

Mnaweza kufikiri wasiwasi wao. Chombo cha mamilioni ya dola, mwendo wa zaidi ya miaka miwili, na jiwe lakitupia mawe. Je, wakiondoe? Wakafanya hesabu za hatari, wakaona kuwa vijiwe huenda polepole, wakakiacha. Juu ya sababu, wengine husema ni vimondo vidogo vinavyoipiga. Wengine husema ni joto. Mchana uso wa Bennu hupita nyuzi 100 za joto, na usiku hushuka nyuzi nyingi chini ya kuganda kwa maji, nayo mabadiliko hayo huja kila baada ya saa 2 na zaidi kidogo. Jiwe litanukalo na kusinyaa hivyo, siku zote, mwishowe hupasuka. Wakata mawe wetu wa zamani walijua kupasua mwamba kwa moto na maji. Na picha za PolyCam zaonyesha wazi miamba iliyobanduka tabaka, kama ganda la kitunguu.

Sasa mahali pa kutua. Kwa miezi mingi walipekua picha zile, na mnamo Agosti 2019 wakataja mahali pane, kila pamoja kwa jina la ndege: Nightingale, Kingfisher, Osprey na Sandpiper. Tarehe 12 Desemba 2019 wakachagua Nightingale, na Osprey ikawa akiba. Nightingale ni shimo dogo upande wa kaskazini, lenye upana wa meta 20 hivi. Ndani yake mna vipande vidogo kuliko kwingine, na udongo wake haukukaa juani muda mrefu. Lakini sehemu iliyofaa kuguswa ilikuwa ya meta 16 tu, na kwenye ukingo wake ulisimama mwamba mmoja mkubwa kama nyumba ya ghorofa mbili, umechongoka kuelekea juu. Chombo chenyewe pamoja na mabawa yake kilikuwa na ukubwa wa gari kubwa la abiria. Dereva wa basi aliyezoea kugeuza katika uwanja wa mpira aambiwe sasa ageuze ndani ya ua wa nyumba, penye ukuta wa mawe, tena gizani.

Wala dereva hakuwamo ndani. Siku ile Bennu ilikuwa mbali na dunia zaidi ya kilometa milioni 320, na neno la redio lilichukua dakika 18 na nusu kufika. Ukiona hatari na kupaza sauti, ajali imekwisha tokea. Mashine ya miali ya kupimia umbali, ambayo walikuwa wameitegemea kuongoza mteremko, ilitosha kwa uwanja wa meta 50. Kwa ua wa meta 16 haikutosha. Ndipo wakakifundisha chombo kutumia picha. Waliweka katika kumbukumbu yake sura za mawe na mashimo yaliyo njiani. Kikishuka, kamera ya njia itapiga picha, kompyuta ya chombo italinganisha na sura hizo, na kujua: nipo hapa, nitagusa pale. Tena walikipa ramani ya hatari. Kikiona, kilipofika meta 5 juu ya ardhi, kwamba kitagusa mahali palipokatazwa, kiwashe injini na kurudi juu bila kuuliza mtu.

Walikifanyisha mazoezi mara mbili, Aprili na Agosti 2020. Hayo yote, mkumbuke, katika mwaka ule wa korona, ambapo wengi wao walilazimika kufanyia kazi nyumbani.

Tarehe 20 Oktoba 2020 kikashuka. Mteremko ulidumu zaidi ya saa 4. Kikapita kando ya ule mwamba. Kikagusa, kwa mwendo wa santimeta 10 kwa sekunde, polepole kuliko mtoto anayetambaa, na mahali kilipogusa palipishana na mahali palipokusudiwa kwa meta isiyotimia moja. SamCam ilikuwa ikipiga picha mfululizo. Katika picha hizo twaona kichwa cha mkono, cha mviringo kama sahani, kikikanyaga jiwe. Jiwe lavunjika kama mkate mkavu. Kisha hewa ya nitrojeni yapulizwa, na kila kitu chatawanyika kwa vumbi na vipande. Mkono haukusimama. Ulizama karibu nusu meta, kwa kuwa ardhi haikuuzuia, ilikuwa kama rundo la maharage katika pipa. Baada ya sekunde 6 injini zikakirudisha juu. Wataalamu walisema baadaye kuwa pasipo injini hizo chombo kingeendelea kuzama ndani ya Bennu.

Furaha haikudumu siku tatu. Tarehe 22 Oktoba walipiga picha za kichwa cha mkono ili waone kilichochotwa. Wakaona kimejaa tele. Na wakaona kwamba vijiwe vikubwa vimekwama mlangoni, mlango haukufunga, na vipande vyaponyoka angani vikielea. Kila mara mkono ulipotikiswa, vingine vilitoka. Mpango wao ulikuwa kukizungusha chombo kizima ili kupima uzito wa kilichochotwa. Kufanya hivyo sasa kungekuwa kumwaga. Wangechagua nini: wajue kiasi, au wakihifadhi wasichokijua kiasi? Wakaacha kupima. Wakakiingiza kichwa ndani ya sanduku lake upesi, kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua wakiihakikisha kwa picha, na tarehe 28 Oktoba kifuniko kikafungwa. Kama kamera ile isingekuwako, wangekizungusha kama ilivyopangwa, na sijui ni grama ngapi zingefika.

Zilifika grama 121.6. Sanduku lilishuka katika jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023, na lengo lilikuwa grama 60 tu. Mnamo Januari 2025 ilitangazwa kwamba ndani ya udongo ule mmekutwa chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka zamani sana, pamoja na amino asidi 14 katika zile 20 ambazo viumbe hai hutumia kujengea miili. Si uhai, wala alama ya uhai. Msimwamini atakayewaambia hivyo. Ni mali ghafi tu. Hata hili picha zilikuwa zimelidokeza, kwani katika baadhi ya miamba zilionyesha mishipa myeupe, mirefu kupita meta moja, ya namna iachwayo na maji yanayopita katika nyufa.

Kabla ya kuondoka, tarehe 7 Aprili 2021, chombo kilirudi kupita juu ya Nightingale ili kuona kilichofanyika. Picha ya kabla na picha ya baada zikawekwa pamoja. Palipokuwa na mawe pana shimo jipya la upana wa meta 8, na jiwe moja linalokadiriwa uzito wa tani moja limehama mahali pake. Kugusa kwa sekunde 6!

Jambo hilo si la kushangaza tu. Wataalamu wamehesabu kwamba tarehe 24 Septemba 2182 Bennu ina nafasi moja katika 2,700 ya kuipiga dunia. Ni nafasi ndogo. Kwa ajili yake msiache kupanda mihogo. Walakini wajukuu wa wajukuu zetu wakitakiwa kulisukuma jiwe lile kando, watahitaji kujua kama wanasukuma mwamba mgumu au rundo la kokoto lililoshikamana kwa shida. Tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani walijaribu kwa mara ya kwanza: chombo DART kiligonga makusudi Dimorphos, jiwe lenye upana wa meta 160 hivi linalozunguka jiwe jingine kubwa zaidi. Kamera yake iliendelea kutuma picha mpaka mwisho, na ile ya mwisho kabisa ilikatika katikati. Mzunguko wa jiwe ulipungua zaidi ya nusu saa. Huko nako, picha zilionyesha mawe juu ya mawe.

OSIRIS-REx kilikuwa na mafuta ya akiba, kwa hiyo kilipokwisha kudondosha sanduku lake kilielekezwa kwenye asteroidi nyingine, Apophis, yenye upana wa meta 340 hivi, nacho kikapewa jina jipya, OSIRIS-APEX. Apophis itapita kando ya dunia tarehe 13 Aprili 2029, siku ya Ijumaa, kwa umbali wa kilometa 32,000 tu, karibu kuliko baadhi ya vyombo vya angani vinavyotuletea televisheni. Haitatugonga, hayo yamehakikishwa kwa miaka 100 ijayo. Na sisi wa Afrika tumebahatika, kwa sababu itaonekana kwetu kwa macho matupu. Itafika karibu kuliko wakati wote yapata saa sita kasoro robo za usiku kwa saa za Lubumbashi. Lakini msingoje hadi saa hiyo, bali anzeni kutazama mapema jioni, mbali na taa za mji, mbingu zikiwa hazina mawingu. Mtaona nyota ya kadiri, isiyong'aa sana, ila yatembea kati ya wenzake.